Kidonda cha jicho kwa punda wa kuteka maji: uchambuzi wa kisa kutoka Chamwino

Mgonjwa ni punda jike, umri wa miaka minane hivi kwa kuangalia meno, uzito wa kukadiria kilo 130, mali ya kaya moja wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Kazi yake ni kuvuta mkokoteni wa maji pamoja na dume mmoja, na baada ya mavuno kubeba mtama na uwele kutoka shambani. Aliletwa kwetu mwishoni mwa Septemba, wakati upepo wa kiangazi unavuma kutwa na vumbi linaingia hadi kwenye sufuria. Malalamiko yalikuwa mafupi: jicho la kushoto limefumba, linatoa machozi, na sasa "limeingia maziwa".

Vitabu vingi vya macho vinamzungumzia farasi. Dodoma farasi ni wachache mno. Tulio nao ni punda. Jicho la punda limejengwa vilevile, linaugua magonjwa yaleyale na hutibiwa kwa dawa zilezile, ila kuna tofauti chache ambazo nitazieleza zikifika mahali pake. Ya kwanza ni tabia. Farasi anayeumwa jicho hutikisa kichwa, hukwepa mkono, hujisugua kwenye nguzo. Punda husimama tu. Ukimwona amefumba jicho kabisa na amepunguza kula, jua ugonjwa umeshatembea safari ndefu.

Historia

Mwenye punda ni bibi anayeishi na wajukuu wawili, mkubwa akiwa sekondari. Baada ya shikamoo na habari za mjini alianza kueleza. Punda alirudi malishoni jicho likitiririka machozi. Akadhani ni vumbi. Kesho yake akatafuna tumbaku, akamtemea jichoni, kama baba yake alivyowafanyia ng'ombe. Hakupata nafuu. Mjukuu akatumwa duka la dawa za mifugo, akasema anataka dawa ya macho ya punda, akapewa chupa ndogo ya matone. Hakuulizwa swali hata moja, wala mnyama hakuonwa. Siku za mwanzo dawa ilionekana kufanya kazi: jicho likafumbuka kidogo, wekundu ukapungua. "Kisha likageuka," bibi alisema.

"Tangu lilipoanza ni siku ngapi, bibi?"

"Si nyingi, mwanangu. Tatu, nne."

Chupa ilikuwa bado ipo, imewekwa dirishani. Ilikuwa mchanganyiko wa neomaisini na deksamethasoni. Neomaisini ni antibiotiki na haikuwa na shida. Deksamethasoni ni steroidi, na ndiyo iliyobadilisha mwendo wa ugonjwa huu.

Steroidi hutuliza uvimbe na maumivu haraka sana, ndiyo maana familia iliona nafuu. Lakini konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, ikiwa na kidonda, steroidi huzuia ngozi mpya kuota juu yake, hulegeza kinga ya mwili mahali pale, huwapa fangasi nafasi ya kukua, na huongeza nguvu ya vimeng'enya vinavyoyeyusha nyuzi za konea. Nafuu ya siku mbili halafu kuporomoka ghafla: ukisikia historia ya namna hiyo, omba kuona chupa kabla hujaomba kuona jicho. Majina yanayoishia na "sone" au "solone" kwenye lebo, kama dexamethasone, betamethasone na prednisolone, yote ni ya ukoo huo.

Tumbaku siilaumu sana. Iliwasha jicho lililokuwa tayari limejeruhiwa, na mate ya mtu si kitu cha kutia kwenye kidonda, lakini haikuwa na uwezo wa kufanya kilichofanywa na ile chupa.

Uchunguzi

Tulianza kwa mbali, mnyama akiwa ametulia kivulini. Nywele za kope la juu la jicho la kulia zilikuwa zimenyooka mbele kama kawaida. Za kushoto zimeelekea chini. Hiyo ni dalili ya mapema ya maumivu ya jicho kwa jamii yote ya farasi, nayo huonekana hata kabla ya machozi. Joto la mwili 37.4, mapigo ya moyo 52 kwa dakika, ambayo ni juu kidogo ya nilivyotarajia kwa punda aliyesimama tu. Tumbo lilisikika pande zote mbili. Mabua yalikuwa mbele yake naye alikuwa akiyachezea kwa midomo bila kutafuna.

Kumfumbua jicho punda kwa nguvu za vidole ni hatari. Msuli wa kope una nguvu, na ukibana jicho lenye kidonda kirefu linaweza kupasuka mikononi mwako. Tulimtuliza kwa zailazini, miligramu 1.1 kwa kilo, kwenye mshipa, kisha tukachoma mililita 2 za lignokaini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2 kwenye neva inayopita juu ya mfupa wa shavu, kati ya jicho na sikio. Sindano hiyo hulegeza kope la juu lisiweze kubana. Haiondoi hisia, kwa hilo tulitia matone ya tetrakaini.

Kabla ya kufika kwenye kidonda tulitaka kujua kama jicho hili lina haja ya kuokolewa. Konea ilikuwa na ukungu wa bluu na weupe, huwezi kuona nyuma yake. Lakini tulipomulika tochi kwenye jicho bovu, mboni ya jicho la kulia, lile lisilo na ugonjwa, ikanywea. Maana yake mwanga ulipita kwenye ukungu, ukaamsha retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na habari zikafika kwenye ubongo na kurudi upande wa pili. Nyuma ya ule ukungu jicho lilikuwa hai. Kama mboni ya kulia isingetikisika, mazungumzo na bibi yangekuwa mengine.

Mboni ya kushoto, kwa kadiri ilivyoonekana, ilikuwa imenywea kama tundu la sindano, na chini kabisa ndani ya jicho palikuwa na mstari mwembamba wa njano, usaha uliotulia. Nyuma ya kope la tatu, lile linaloteleza kutoka kona ya ndani, tulitoa kipande cha kapi la uwele. Watu wengi huishia kulitazama jicho kwa mbele tu. Kope la tatu lazima linyanyuliwe kwa kibanio butu, na nyuma yake patazamwe, la sivyo unatibu kidonda huku kinachokwaruza kikiendelea kukwaruza.

Kisha rangi ya fluoresini. Ni karatasi ndogo yenye rangi ya machungwa. Unailowesha kwa maji ya chumvi ya hospitali, unagusisha ndani ya kope, unasuuza. Penye konea nzima rangi haishiki. Penye kidonda hushika na kuwa kijani kibichi, na ukiwa na taa ya bluu huwaka zaidi, ingawa jua la Chamwino lilitosha. Doa letu lilikuwa la milimita 8 kwa 6, karibu na katikati, kingo zake zimelegea kama uji uliopoa. Kulegea huko ndiko kunakoitwa kuyeyuka kwa konea.

Tulitazama sana katikati ya doa. Konea ya jamii ya farasi ina unene unaokaribia milimita moja, na tabaka la chini kabisa, utando wa Descemet, halishiki fluoresini. Kwa hiyo kidonda kilichofika chini kabisa huonyesha pete ya kijani yenye kitovu kisicho na rangi, na mtu asiyejua anaweza kufurahi akidhani katikati pamepona, kumbe pamebaki utando mwembamba wa kupasuka wakati wowote. Chetu kilikuwa kijani kote. Tulikadiria kimekula nusu ya unene.

Kutoka ukingo wa jicho, upande wa nje, mishipa midogo ya damu ilikuwa imeanza kuitambaa konea, imefika kama milimita 4. Mishipa hiyo huchukua siku tatu au nne kuchipuka, halafu husogea takriban milimita moja kwa siku. Jeraha basi lilikuwa na wiki moja kwa uchache, tena steroidi huichelewesha mishipa, kwa hiyo pengine zaidi. Sikumbishia bibi. Mtu anayeamka saa kumi usiku kuwahi foleni ya maji ana mambo mengine ya kuhesabu.

Mwisho tulikwangua ukingo wa kidonda kwa mgongo wa kisu cha upasuaji, tukapaka kwenye slaidi mbili. Rangi ya Giemsa inayotumika kutafuta malaria ndiyo hiyohiyo tuliyoihitaji. Kwenye hadubini kulikuwa na chembe nyeupe za damu nyingi na nyuzi za fangasi zenye matawi. Kuotesha ili kujua ni Aspergillus au Fusarium, ambazo ndizo za kawaida kwa macho ya jamii ya farasi, kungechukua siku ambazo jicho halikuwa nazo. Nyuzi zilitosha.

Kwa nini haikuwa ugonjwa mwingine

Punda wa Dodoma mwenye jicho jekundu lenye machozi mara nyingi ana kitu chepesi: kiwambo cha macho, utando laini unaofunika weupe wa jicho na ndani ya kope, kilichovimba kwa nzi na vumbi. Hiyo kwa kawaida hukamata macho yote mawili, mboni hubaki na ukubwa wake, konea hung'aa, na mnyama hula. Tetrasaiklini ya macho ya asilimia 1 humaliza kazi. Tyubu hizo kaya nyingi za mkoa huu zinazijua kwa sababu ya vikope; Kongwa, wilaya jirani, ni mojawapo ya mahali ambapo ugonjwa huo wa binadamu umechunguzwa kwa muda mrefu kuliko karibu popote barani. Ni dawa nzuri na salama kwa punda mwenye kidonda pia, ila fangasi haiwatishi.

Minyoo ya macho ya jamii ya Thelazia, inayoletwa na nzi wanaonyonya machozi, hukaa chini ya kope na huonekana kwa macho matupu kama nyuzi nyeupe. Tulitafuta, hatukuikuta. Funza wa Habronema, nao wa nzi, hutengeneza kidonda chenye punje ngumu za njano kwenye kona ya ndani ya jicho. Saratani ya ngozi hupenda kope la tatu na sehemu zisizo na rangi nyeusi. Huota polepole na haiji kwa wiki moja. Malale ya wanyama pia yanaweza kuleta ukungu wa konea, lakini mnyama angekuwa na homa, amekonda, utando wa fizi umepauka.

Unaotakiwa kuogopwa katika orodha hii ni uveitisi, uvimbe wa ndani ya jicho unaojirudia, unaohusishwa sana na bakteria wa leptospira na ambao duniani kote ndio chanzo kikubwa cha upofu wa farasi. Nao huja na jicho lililofumba, machozi, mboni iliyonywea, ukungu wa bluu. Kwa macho ya kawaida huwezi kuutofautisha na kidonda cha konea, kwa sababu kidonda kikali chenyewe huamsha uvimbe huo ndani. Tofauti ni kwamba uveitisi isiyo na kidonda hutibiwa kwa steroidi, na kidonda huharibiwa nayo. Mtu aliye dukani nyuma ya kaunta hana njia ya kujua ni upi. Hata mimi bila ile karatasi ya rangi sina njia. Karatasi moja haifiki bei ya soda nyingi, na sioni sababu ya ofisi yoyote ya mifugo ya kata kukosa boksi lake.

Matibabu, na nani atayafanya

Kitabu kinasema kidonda kinachoyeyuka chenye fangasi kitiwe dawa kila saa moja au mbili, usiku na mchana, mnyama akiwa hospitali. Tungemsafirisha punda hadi Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, angepata uangalizi huo na pengine upasuaji wa kuziba kidonda kwa kiwambo cha jicho lenyewe. Gharama ya gari peke yake ilikaribia bei ya punda. Bibi alikataa kwa adabu, na ningekuwa yeye ningekataa pia.

Tukakaa chini ya mti kupanga kinachowezekana. Mpango uliojaa dawa tano kwa kila saa haupimwi kwa ubora wake bali kwa kitakachobaki siku ya nne, mjukuu akiwa shuleni na punda ameshajifunza kukimbia akiona chupa.

Tuliweka mrija. Ni mrija mwembamba wa plastiki uliopitishwa kwenye kope la juu kwa sindano nene, ncha ya ndani imepanuliwa kwa moto ili isichomoke na ili ilale bapa mbali na konea. Mrija unapita kichwani hadi shingoni na kuishia kwenye kizibo cha sindano. Anayetia dawa anasimama begani, hagusi jicho. Kwa farasi mrija husukwa kwenye manyoya ya shingo. Manyoya ya punda ni mafupi na yamesimama kama brashi, hayasukiki, kwa hiyo tuliushona kwenye vipande vya plasta na kuufunga kwenye hatamu. Dawa inaingia mililita 0.2, ikifuatiwa na hewa kidogo kwa mwendo wa taratibu. Kati ya dawa na dawa dakika tano hadi kumi, la sivyo ya pili inaifukuza ya kwanza.

Dawa ya kwanza haikununuliwa. Ilikuwa seramu ya punda mwenyewe. Tulichota damu mililita 20 kwenye chupa kavu, tukaiacha igande, tukanyonya maji ya njano yaliyobaki juu. Ndani yake mna protini zinazozuia vile vimeng'enya vya kuyeyusha konea. Hukaa wiki moja kwenye baridi. Kaya haina umeme, lakini mwenye duka la soda jirani alikubali chupa ikae kwenye friji lake, ikiwa imeandikwa kwa herufi kubwa isije ikadhaniwa kitu kingine.

Chupa hiyo ya damu ilitupa habari nyingine. Punda asipokula kwa siku chache mwili huanza kumwaga mafuta kwenye damu, hali inayoweza kumuua haraka kuliko ugonjwa wenyewe, na seramu hugeuka kuwa na weupe kama maziwa. Ya kwetu ilikuwa safi. Hata hivyo bibi aliambiwa ampe majani mabichi yoyote atakayopata, pumba na maji ya kutosha, na kwamba siku punda akiacha kula kabisa apige simu bila kungoja asubuhi.

Kwa fangasi tulitaka natamaisini ya asilimia 5, dawa ya kliniki za macho za binadamu. Ilipatikana chupa moja tu. Ni nzito na huziba mrija, kwa hiyo ilitiwa kwa mkono mara nne kwa siku, na usiku tukaongezea krimu ya silva sulfadiazini, ileile ya vidonda vya moto, kiasi cha punje ya maharage ndani ya kope la chini. Krimu hiyo haikutengenezwa kwa jicho, lakini madaktari wa farasi wameitumia kwa miaka mingi dhidi ya fangasi wa konea. Flukonazoli nimeulizwa mara nyingi kwa kuwa ipo kila duka. Kwa fangasi wa nyuzi kama hawa haina nguvu ya kutegemewa.

Bakteria walipewa siprofloksasini ya matone kupitia mrija. Kloramfenikoli ingefaa, ila sipendi kuitumia kwa punda. Hairuhusiwi kwa wanyama wanaoliwa, na mkoa huu umewahi kuwa na machinjio ya punda. Umoja wa Afrika ulikubaliana Februari 2024 kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, lakini punda akizeeka huwezi kumwekea dhamana ataishia wapi.

Kusafisha jicho kulifanywa kwa povidoni-ayodini iliyozimuliwa, sehemu moja ya ayodini ya asilimia 10 kwa sehemu 50 za maji ya chumvi, mpaka rangi ikawa ya chai hafifu. Iwe ile ya maji, isiwe ile ya kunawia mikono yenye sabuni. Ya sabuni huiunguza konea.

Atropini ya asilimia 1 ilihitajika kufungua mboni, kupumzisha msuli wa ndani unaokaza na kuuma, na kuzuia mboni isigande na lenzi ikiwa imenywea. Tulianza mara mbili kwa siku, kisha mara moja mboni ilipofunguka. Kwa jamii ya farasi atropini ina bei yake: hupunguza mwendo wa matumbo. Punda anayekula mabua makavu, maji yakiwa ya kununua, tayari ana tumbo lililo karibu kukwama. Mjukuu alipewa kazi ya kuhesabu marundo ya mavi kila siku na kuandika kwenye daftari. Aliifanya kwa umakini kuliko sehemu yoyote nyingine ya matibabu, tena akaongeza safu ya ukubwa wa rundo ambayo hatukuiomba.

Maumivu yalitulizwa kwa fluniksini, miligramu 1.1 kwa kilo, kwake ikawa karibu mililita 3 za dawa ya miligramu 50 kwa mililita. Hapa ndipo tofauti nyingine ya punda ilipo: mwili wake huiondoa dawa hii haraka kuliko farasi, hivyo ilitolewa kila saa 12 badala ya mara moja kwa siku. Bwana mifugo wa kata alikubali kuidunga siku za mwanzo. Meloksikamu, ambayo wengi hukimbilia kwa kuwa ni rahisi kupata, kwa punda hutoka mwilini upesi mno kiasi kwamba sioni maana yake. Alipata pia kinga ya pepopunda.

Ratiba ikafungwa kwenye mambo ambayo familia tayari hufanya: alfajiri kabla ya shule, saa nne bibi akirudi kutoka kisimani, mchana, mjukuu akirudi, magharibi, na baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Si kila saa mbili. Seramu tu ndiyo iliyoongezewa zamu za katikati, kwa sababu bibi aliweza kuitia peke yake kupitia mrija. Punda aliwekwa kwenye banda lenye kivuli, macho yamefunikwa na kitambaa cha wavu dhidi ya nzi, maana mboni iliyofunguliwa kwa atropini haiwezi kujikinga na jua. Maji yalitekwa na dume peke yake kwa nusu mzigo, na jirani akaazima punda wake kwa siku za mnada. Bila jirani huyo, matibabu yangevunjika mapema; sijaona kaya inayomlaza punda wa maji wiki tatu kwa hiari huku ndoo ni tupu.

Mwenendo

Siku ya tatu mjukuu alipiga simu: jicho limekuwa baya zaidi. Ukungu umeongezeka, punda amefumba tena, usaha wa ndani umepanda. Tulikuwa tumewaonya, lakini onyo husikika tofauti ukiwa umeshika tochi usiku. Fangasi wanapokufa kwa wingi humwaga vitu vinavyochochea uvimbe, na siku za mwanzo za dawa jicho linaweza kuonekana kurudi nyuma. Swali ni kama konea inaendelea kuyeyuka. Tulikwenda, tukarudia rangi: doa lilikuwa milimita 8 kwa 6, vilevile, kingo zimeanza kukaza. Kilichopanda ni uvimbe tu. Fluniksini ikaendelea kila saa 12 bila kupunguzwa, atropini ikarudishwa mara mbili. Marundo ya mavi yalikuwa yameshuka kwenye daftari, basi bibi akaongeza maji yenye chumvi kidogo na kumtembeza punda jioni kuzunguka boma.

Kizingiti cha kung'oa jicho tulikuwa tumekwisha kukubaliana: kitovu kisicho na rangi katikati ya doa, au konea kupasuka, au mboni ya kulia kuacha kuitikia mwanga. Kung'oa hufanyika punda akiwa amesimama, kwa dawa ya kutuliza na ganzi nyuma ya jicho, na punda mwenye jicho moja lisilouma huvuta mkokoteni vizuri kabisa. Niliona ni bora bibi aijue njia hiyo mapema, aione kama tiba, asije akaisikia kwa mara ya kwanza jicho likiwa limeshatoka maji.

Hatukuifikia. Mwishoni mwa wiki ya pili mishipa ya damu ilikuwa imefika kwenye kidonda na kukijaza nyama nyekundu. Kwa asiyejua inatisha, jicho linaonekana kama limeota kidonda kipya. Kwetu ilikuwa habari njema, kwani mishipa huleta kinga na malighafi ya kujengea. Mrija uliondolewa ulipoanza kulegea. Natamaisini iliendelea hata baada ya rangi kuacha kushika, kwa sababu fangasi hupenda kujificha kwenye tabaka la kati la konea na ngozi ikajifunga juu yao. Kuacha mapema ndiko hurudisha ugonjwa, safari hii ukiwa na jipu ndani ya konea ambalo matone hayalifikii.

Nyama nyekundu ilianza kupauka, likabaki kovu jeupe karibu na katikati. Bibi aliuliza kama kuna dawa ya kulifuta. Steroidi hupunguza kovu, ni kweli, na wapo wanaoitumia kwa kidonda kilichofunga kabisa. Kwa jicho lililokuwa na fangasi nilisema hapana, na chupa ya dirishani niliondoka nayo.

Kwa mkono unaopita upande wa kushoto, bila kuamsha upepo, punda hupepesa unapotokea nyuma na pembeni. Ukitokea moja kwa moja mbele, hapepesi. Ana uoni wa pembeni basi, wa mbele umezibwa na kovu. Mboni hufunguka na kufunga ila upande mmoja umenata kidogo kwenye lenzi, hivyo jicho hilo linabaki kwenye uangalizi: ukungu wa bluu ukirudi bila jeraha, au kope zikishuka tena, aonwe siku hiyohiyo na apimwe kwa rangi kabla ya dawa yoyote. Alirudi kazini kwa mzigo wa nusu, akifungwa upande wa kushoto wa mkokoteni badala ya kulia kwake kwa zamani. Jicho bovu linatazama ukingo wa barabara, na zima linamwona mwenzake na bodaboda zinazopita.